Kiwanja Hakiishii Mpakani

Tangu mwaka 1962, ilipoundwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana katika Tanganyika huru, taifa letu limesema na kuandika mengi juu ya utamaduni. Tumezungumza juu ya ngoma na nyimbo, lugha na mavazi, uchongaji na ususi, mila za jando na unyago. Yote hayo yanastahili. Lakini lipo jambo moja ambalo karibu kila Mtanzania hulifanya, au hutamani kulifanya kabla ya kufa kwake, ambalo aghalabu hatulihesabu miongoni mwa mambo ya utamaduni: nalo ni kupanga makazi. Mahali mtu achaguapo kuweka mlango wake, mti auachao na mti aukatao, upande anaoelekeza maji ya mvua yatokayo paani pake, yote hayo ni maneno. Mwenye nyumba huyasema kwa udongo na kwa miti, na jirani huyasikia vyema kabisa.

Katika makala hii tumekusudia kueleza jinsi tulivyopanga kiwanja chetu huko Ukonga, pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam, kwa kufuata umbile la ardhi yenyewe. Sisi si wahandisi wala wataalamu wa mipango miji. Tulihitimu kidato cha nne, tukaingia katika utumishi wa umma, na kwa miaka mingi kazi yetu imekuwa ya majalada, na mashairi baada ya saa za kazi. Hata hivyo, mtumishi afikapo umri wa miaka hamsini na kitu, huanza kuhesabu siku za kustaafu, na swali la mahali pa kulaza ubavu humjia kila asubuhi. Kiinua mgongo hutolewa mara moja tu. Anayekitumia vibaya hapati cha pili.

Ndugu msomaji asiyeijua Ukonga tumchukue kwa mkono. Mtu atokaye katikati ya jiji kwa Barabara ya Nyerere, ambayo zamani iliitwa Barabara ya Pugu, hupita Tazara, Kipawa na uwanja wa ndege, akafika Banana, kisha Ukonga, na mbele yake Gongo la Mboto na Pugu. Ni njia ile ile iliyotumiwa na Mwalimu Julius Nyerere alipokuwa akifundisha Pugu, hadi alipojiuzulu ualimu mwaka 1955 ili ashughulikie siasa. Huku ndiko uwanda wa pwani unakoanza kuinuka kuvielekea vilima vya Pugu. Ardhi huwa ya migongo na mabonde: juu ya migongo kuna udongo wa kichanga wenye wekundu, ambao hunywa maji upesi na kumomonyoka upesi, na chini mabondeni kuna udongo mzito wa mfinyanzi, ambao masika hugeuka tope na kiangazi hupasuka nyufa. Watu wa rika letu wanaikumbuka Ukonga ya mikorosho, miembe na minazi, ambapo nyumba moja ilikuwa haioni moshi wa nyumba ya pili. Leo nyumba zimebanana, na mikorosho iliyobaki yahesabika.

Katika mabonde hayo hupita vijito vinavyoungana na Mto Msimbazi. Mto huu huanzia katika vilima vya Pugu, huko Kisarawe, hupita pembezoni mwa Ukonga, hushuka Vingunguti, Kigogo na Jangwani, kisha huingia baharini karibu na Daraja la Selander. Basi sisi wa Ukonga tunaishi upande wa juu wa mto. Hili ni jambo dogo kulitamka, lakini maana yake ni kubwa, nasi tutalirudia huko mbele.

Kabla ya kueleza tulichokipanga, yafaa tutazame waliotutangulia, maana si sisi tuliovumbua kuishi juu ya ardhi hii. Katika Kijiji cha Makumbusho, kando ya Barabara ya Bagamoyo, zimejengwa nyumba za makabila mbalimbali ya nchi yetu kwa vifaa vya kwao. Wengi huzitazama kama vitu vya kale vya kupigia picha. Nasi tuliwahi kuzitazama hivyo tulipokuwa vijana. Lakini mwenye kiwanja anayetafuta akili ya kukipanga huona kingine kabisa. Tembe la Mgogo limeinama chini ya upepo mkavu wa Dodoma, paa lake la udongo ni bapa kwa kuwa mvua ni chache, na kuta zake nene huzuia joto la mchana na baridi ya usiku. Msonge wa Mhaya umevikwa nyasi kutoka kileleni hadi karibu na ardhi, kwa sababu Bukoba mvua hainyeshi kwa kubahatisha. Nyumba yetu ya Pwani, ya miti, fito na udongo, ina paa la makuti lililoteremka sana pembeni, na chini ya paa hilo kuna baraza: mvua haigusi ukuta, jua haliingii chumbani, na mgeni hupata mahali pa kukaa kabla hajakaribishwa ndani.

Wala hekima hiyo haikuishia kwenye nyumba. Wachagga wamepanda migomba, kahawa na miti mirefu pamoja katika vihamba vyao, wakaelekeza maji ya mlima kwa mifereji waliyoichimba kwa mkono. Na mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo wa vihamba wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia nzima. Wamatengo wa Mbinga hulima ngoro, yaani mashimo yaliyopangwa kwenye miteremko mikali ili kila tone la mvua lipate shimo lake la kutulia. Wasukuma hutenga ngitili, malisho yasiyoguswa hadi kiangazi kikali. Na Serikali ilipoanzisha mradi wa hifadhi ya ardhi Shinyanga mwaka 1986, utaratibu huo wa wazee ndio uliosaidia kurudisha miti katika nchi iliyokuwa imegeuka jangwa. Warufiji nao walijenga madungu, vibanda vilivyoinuliwa juu ya nguzo, ili mto ujapo kuleta rutuba mashambani uwakute wamekwisha kuupisha.

Ukiwatazama watu hao wote kwa pamoja, utaona kwamba hawakujenga kwa namna moja, lakini walianza kwa swali moja. Kila mmoja aliiuliza ardhi kwanza: maji yako yapita wapi, upepo wako watoka wapi, udongo wako wapenda nini? Jibu lilipokuja ndipo alipochukua shoka.

Sasa na tulirudie lile jambo la mto. Mwezi Desemba mwaka 2011 jiji la Dar es Salaam lilipata mvua ambayo wengi hawakuwahi kuiona maishani mwao. Msimbazi ulifurika, watu wasiopungua 40 walipoteza maisha, na maelfu waliachwa bila makazi. Baadhi yao walipewa viwanja Mabwepande, mbali na mabonde waliyoyazoea. Wakati ule lawama nyingi ziliwaangukia wakazi wa Jangwani na mabonde mengine, kwamba wamejenga njiani mwa maji. Lawama hiyo ina haki yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Lakini maji yaliyofika Jangwani hayakunyesha Jangwani peke yake. Yalitoka pia juu, kwenye mapaa na nyua na barabara za huku kwetu, ambako kila mmoja aliyatoa mpakani mwake akafunga lango, akalala. Wahenga walisema, maji hufuata mkondo. Sisi wa upande wa juu tumeufanya mkondo kuwa mfupi na mkali, kisha tukastaajabu kwamba wa chini wanakufa.

Kiwanja chetu kina upana wa mita 25 na urefu wa mita 40, na kutoka juu hadi chini kinashuka kwa urefu wa mtu mrefu na zaidi. Tulipokipata tulifanya jambo ambalo lilichekesha baadhi ya jamaa zetu: tulikaa nacho mwaka mzima bila kuchimba msingi. Tulitaka tukione katika vuli na katika masika, katika joto la Februari na katika upepo wa Julai. Kila iliponyesha mvua ya maana, tulikwenda na fimbo na furushi la vijiti, tukachomeka kijiti kila mahali maji yalipopita. Baada ya masika vijiti vilichora mstari. Maji yaliingia katika pembe ya juu kutoka barabarani, yakakata kiwanja kwa mshazari, yakatawanyika penye nyasi chini ya mwembe mmoja mkongwe, kisha yakashukia kwa jirani.

Fundi tuliyeletewa na rafiki alikuwa na mpango wake, nao ulikuwa mpango wa kawaida ambao msomaji ameuona mara elfu. Greda lije lisawazishe. Mwembe ukatwe, maana mizizi yake itasumbua. Kifusi kimwagwe upande wa chini hadi kiwanja kiwe sawa kama meza. Ukuta wa tofali za saruji uzunguke pande zote nne, uani pote pamwagwe zege, na maji yatolewe kwa bomba moja nene katika pembe ya chini. Hesabu yake ilikuwa safi, na ingemeza sehemu kubwa ya kiinua mgongo kabla hata chumba kimoja hakijainuliwa. Jamaa walimwunga mkono. Walisema kwamba mtu wa cheo chetu hawezi kuishi bila ukuta.

Chini yetu anaishi mama mmoja mjane, mwenyeji wa siku nyingi, katika nyumba ya udongo yenye paa la bati. Siku tuliyokuwa tukipima na fundi alikuja, akasalimu, akasimama upande wake wa mpaka.

“Baba,” alituambia, “mimi sikuzuii kujenga. Kiwanja ni chako na fedha ni zako. Ninauliza moja tu. Ukishauweka huo ukuta, maji utayatolea wapi?”

Tulimjibu, “Mama, fundi anasema yatatoka kwa bomba, pale pembeni.”

Akatazama ile pembe, akaitazama nyumba yake. “Basi yatakuja kwangu yote kwa mara moja, kwa mlango mmoja. Sasa hivi yanakuja yametawanyika, nami nayavumilia. Baba, maji ni kama wageni. Wakija mmoja mmoja unawapa kiti. Wakija mia usiku mmoja wanabomoa nyumba.”

Fundi alisema kwamba hayo ni mambo ya mama mzee. Sisi tulikwenda nyumbani, tukachukua karatasi na kalamu, tukapiga hesabu. Hesabu yenyewe ni nyepesi, na kila mtoto wa shule ya msingi anaiweza: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja ya maji. Kiwanja chetu ni mita za mraba 1,000. Mvua kubwa ya usiku mmoja, tuseme milimita 50, huleta kwenye kiwanja hicho lita 50,000. Ardhi yenye nyasi, miti na majani makavu hunywa sehemu kubwa ya maji hayo. Bati na zege hazinywi kitu. Lita 50,000 ni madebe 2,500. Huo mpango mzuri wa fundi, ukiuvua nguo zake za kitaalamu, ulikuwa mpango wa kwenda kumwaga madebe elfu mbili na zaidi uani kwa mjane, usiku mmoja, akiwa amelala.

Hakuna mtu mwenye malezi ya Kiswahili ambaye angefanya hivyo kwa mkono wake. Tumefundishwa kwamba jirani ndiye ndugu wa karibu, ndiye azimaye moto wako kabla jamaa hajasikia. Lakini bomba halina haya, na ukuta humzuia mwenye nyumba asione kinachotokea ng’ambo. Ndipo tulipoelewa kwamba swali la mama yule halikuwa la ufundi. Lilikuwa swali la utu. Nasi tulifanya uamuzi: kipimo cha kwanza cha mpango wetu kitakuwa kile kinachotoka penye mpaka wa chini. Maji ya mvua ya kawaida yote yanywewe na kiwanja chenyewe. Na ya mvua kubwa, yatakayozidi, yatoke polepole, yametawanyika, kwa njia yake ya zamani. Mambo mengine yote yatafuata hapo.

Tutayaeleza kwa ufupi, maana huenda yakamfaa msomaji.

Nyumba tuliiweka sehemu ya juu, nje ya mstari wa vijiti, tukaisogeza mita chache ili mwembe ubaki. Tuliipanga kuta zake ndefu zitazame kaskazini na kusini. Dar es Salaam iko karibu na nyuzi 7 kusini ya Ikweta, hivyo jua la asubuhi na la alasiri ndilo linalochoma ukuta. Ukuta mfupi ukilitazama, nyumba haipati joto sana. Madirisha yanaelekeana ili upepo upite. Kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, kuanzia Aprili hivi hadi Septemba. Kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, kuanzia Desemba hadi Machi. Pepo zote mbili, basi, hutoka upande wa mashariki. Kwa hiyo baraza na vyumba vya kulala vilipewa mashariki, na jiko la kuni, banda la kuku na choo vikapelekwa magharibi, ambako moshi na harufu havirudi ndani. Nahodha wa jahazi angetucheka kwa kuchelewa kujua jambo hili, lakini jijini ni nyumba ngapi zinazoelekezwa kwa kutazama upepo?

Paa litakuwa la bati, maana makuti ya kutosha hayapatikani tena kwa urahisi, lakini tumelinyoosha litokeze nje ya ukuta zaidi ya ilivyo desturi ya siku hizi, kama lilivyokuwa paa la makuti. Ukubwa wake ni kama mita za mraba 100. Dar es Salaam hupata mvua ya milimita 1,000 hivi kwa mwaka, ama zaidi kidogo, na hivyo paa hilo hupokea karibu lita 100,000. Tukiondoa zinazopotea, bado ni nyingi. Tangi la lita 10,000, kwa watu sita wanaotumia lita 20 kila mmoja kwa siku, latosha siku 83. Mwaka 2022, kina cha Mto Ruvu kiliposhuka na jiji likagawiwa maji kwa zamu, mwenye tangi la mvua lililojaa hakupanga foleni usiku wa manane. Haba na haba hujaza kibaba. Na paa ni kibaba kilichofunikwa kichwachini, kinachongoja kugeuzwa.

Kisima hatukuchimba. Inashauriwa kisima kiwe si chini ya mita 30 kutoka choo cha shimo au karo, na katika mitaa yetu, ambako kila kiwanja kina shimo lake, umbali huo haupatikani. Karo letu tuliliweka chini upande wa magharibi, mbali na mboga na mbali na mpaka wa mama.

Maji ya kiwanja tuliyakinga kwa matuta matatu, yaliyokatiza mteremko. Ili tuta likinge maji sharti lifuate usawa wa ardhi, na usawa huo tuliupima kwa kifaa ambacho mkulima yeyote aweza kukitengeneza: miti miwili mirefu iliyounganishwa juu, mmoja mfupi uliokatiza katikati kama herufi A, na uzi wenye jiwe unaoning’inia. Jiwe likitulia katikati ya mti mfupi, miguu miwili iko sawa. Nyuma ya kila tuta kuna mtaro wa kina kifupi unaoyapa maji nafasi ya kuzama. Juu ya matuta tulipanda mchaichai, ambao mizizi yake hushika udongo na majani yake hutiwa katika chai. Kati ya tuta na tuta kuna mihogo, kunde na matembele, na pembeni milimao na mpapai. Maji ya bafuni hupelekwa kwenye migomba, kama mama zetu walivyofanya tangu zamani bila kusomea. Majani yaangukayo hayachomwi. Hurundikwa pamoja na samadi ya kuku, yakawa mboji.

Walikuwako waliotuuliza juu ya mbu, na ni swali la haki katika nchi yenye malaria. Mitaro yetu hukauka kwa siku moja au mbili, ilhali yai la mbu huhitaji kama siku saba au zaidi hata litoe mbu arukaye. Tangi limefunikwa, na mdomo wake una wavu. Mbu hawatokani na maji yanayozama ardhini. Hutokana na maji tunayoyaziba na kuyasahau.

Ukuta tumeujenga upande mmoja tu, wa barabarani, kwa ajili ya usalama. Pande nyingine tumepanda michongoma, ambayo mwizi huiheshimu kuliko tofali, na ambayo hupitisha upepo na maji na sauti ya jirani akiita hodi.

Masika yaliyofuata matuta, tulikwenda kusimama mpakani. Mvua ya usiku mmoja iliyokuwa kubwa mno ilijaza mitaro yote mitatu na ikazidi. Hatuwezi kudai kwamba tumelishinda wingu. Lakini maji yaliyozidi yalitoka mapana na membamba kama shuka, yakiwa karibu safi, bila ule udongo mwekundu. Mama alikuwa uani kwake na fagio. Alitusalimu, akasema kwamba mwaka huu tope ni la kufagia, si la kuchota kwa koleo. Hakuongeza neno, wala hatukumwomba.

Tunajua watakaosema kwamba haya ni mambo ya shamba, na kwamba mjini viwanja ni vidogo. Ni kweli kwamba wengi hawana mita za mraba 1,000. Lakini hata kiwanja cha mita 20 kwa 20 kina paa linaloweza kujaza tangi, kina kona inayoweza kulea mgomba wa maji ya bafuni, na kina ukanda wa ardhi unaoweza kuachwa bila zege. Wengine watasema kwamba uani wa udongo ni dalili ya umaskini. Hilo ndilo gumu zaidi, kwa kuwa halikai mfukoni bali moyoni. Tumejifunza kudhani kwamba ardhi iliyofunikwa saruji ndiyo iliyostaarabika. Ustaarabu gani huo unaompelekea jirani gharika? Nyumba njema si mlango.

Hali kadhalika, yapo yanayozihusu mamlaka zetu, nasi tunayasema kama watumishi walio ndani ya nyumba hiyo hiyo. Wataalamu tunao. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi uliwahi kufundisha matofali ya kufungamana, ambayo hufinyangwa kwa udongo na saruji kidogo na hayahitaji kuchomwa kwa kuni. Sheria tunazo. Kinachopungua ni kwamba ramani ya kiwanja huonyesha mipaka minne na barabara, wala haionyeshi mahali maji yaingiapo na yatokapo. Laiti kila ramani ya nyumba ingetakiwa kuchorwa mstari huo mmoja wa maji, na jirani wa chini akaonyeshwa kabla ya kibali kutolewa, Msimbazi ungetulia kwa kiasi kikubwa bila kungoja madaraja na kuta za gharama kubwa peke yake. Na laiti watoto wetu shuleni, katika somo la hesabu, wangepewa kupima paa la darasa lao na kutafuta ni madebe mangapi humwagika kwa mvua moja. Hapo hesabu na uraia vingefundishwa kwa kipindi kimoja.

Katika daftari letu la mashairi tuliandika ubeti mmoja wakati tulipokuwa tukichomeka vile vijiti. Si ubeti wa kujivunia, lakini una kazi yake, nasi tunauweka hapa kwa ajili ya vijana watakaopata viwanja baada yetu:

Kabla hujatia jembe, yaulize kwanza maji,
Yakwambie kila pembe, kama mzee mwonyaji;
Mti mkongwe uombe, kivuli cha wenye mji,
Ndipo nyumba uipambe, isiwe na uhitaji.

Wananchi wenzetu, hati ya ardhi humpa mtu haki juu ya mita zilizoandikwa humo. Lakini maji, upepo, moshi, kivuli na mbegu za miti havijui kusoma hati. Vinavuka mpaka kila siku, vikipeleka salamu zetu kwa walio chini yetu: salamu njema au salamu mbaya. Taifa lililojengwa juu ya neno “ndugu” lina wajibu wa kuzitazama salamu hizo. Siku mgeni atakapotuuliza utamaduni wetu ni upi, tusimpeleke ngomani peke yake. Tumpeleke pia, wakati wa masika, penye mpaka wa chini wa kiwanja chochote, atazame kinachotoka humo na aone ni nani anayekipokea.